Mwongozo Kamili wa Kununua Chungu cha Umeme Nairobi: Anza na Stima, Boksi Baadaye

Nyama ya shingo ya ng'ombe, ile yenye mfupa na mishipa ambayo bucha huiuza kwa bei ya chini kwa kuwa wengi hawana subira nayo, hutaka saa tatu motoni ndipo ilainike sawasawa. Ni nani Nairobi mwenye saa tatu za kusimamia sufuria jioni? Unatoka kazini saa kumi na moja, foleni ya Thika Road inakufikisha nyumbani saa moja na nusu, na mtungi wa gesi umeanza kuutikisa kila asubuhi kusikiliza kama kuna kitu kimebaki. Hapo ndipo mtu huanza kukitazama kile chombo ambacho kwenye boksi kimeandikwa Slow Cooker. Mimi nakiita chungu cha umeme, maana ukikifungua ndicho hasa: chungu kilichokaa ndani ya kasha lenye waya wa joto, kikafunikwa kwa kioo.

Nimepikia vyungu hivi kwa miaka kadhaa, kwanza katika chumba kimoja Roysambu, sasa katika nyumba ya vyumba viwili. Kimoja nimekiunguza. Chakula nimemwaga zaidi ya mara moja. Nimewashauri ndugu na majirani wanunue, na wengine nimewaambia waachane nacho. Neno langu kwao wote huwa ni moja: usianze na boksi, anza na stima yako. Maelekezo mengi ya chombo hiki yameandikwa na watu wa mahali ambapo umeme haukatiki na maji huchemka kwa nyuzi 100. Sisi tuko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, maji yetu huchemka kwa nyuzi 94 hivi, na habari ya umeme unaijua mwenyewe.

Kabla ya pesa kutoka: je, chakula chako ni cha chungu hiki?

Chungu cha umeme hutumia wati chache, kama 120 kwa kile kidogo hadi 320 kwa kikubwa. Kwa moto huo mdogo joto hupanda polepole mpaka mchuzi unakaribia kuchemka, kisha linakaa papo hapo kwa masaa. Watu hudhani Low ni moto mdogo na High ni moto mkali. Katika vyungu vingi zote mbili huishia karibu joto lile lile. Tofauti ni kwamba High hufika mapema. Kwa hesabu ya jikoni, saa moja ya High ni kama saa mbili za Low.

Kwa hiyo kinafaa chakula kigumu chenye kano: shingo, muundi, mkia, makongoro, matumbo, mbuzi aliyekula miaka, kuku wa kienyeji ambaye ungemchemsha mchana kutwa. Kano zile ndizo zinazoyeyuka polepole na kuufanya mchuzi uwe mzito bila unga wala chochote. Hakifai steki, ambayo hukauka ikawa kama sponji. Hakifai sukuma wiki, wala wali, wala chapati, na ugali usijaribu hata kwa mzaha.

Halafu kuna maharagwe, na hapa naomba usome pole pole.

Maharagwe makavu, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili iitwayo lektini. Punje nne au tano mbichi zinatosha kumtapisha mtu mzima ndani ya saa chache. Sumu hiyo huvunjwa na mchemko wa nguvu, na chungu cha umeme hakina mchemko wa nguvu. Tena kuna lililo baya zaidi: maharagwe yaliyopashwa moto hadi nyuzi 80 tu yanaweza kuwa na sumu hata mara tano ya yale mabichi. Yaani unaweza kuyalaza usiku mzima kwenye Low, yakaonekana laini, na ukawalisha watu wako kitu kibaya kuliko kilichokuwa kwenye gunia. Hii inahusu pia maharagwe yaliyo ndani ya githeri na muthokoi.

Ukitaka kuyapika humo, fuata hivi. Yaloweke angalau saa tano, ukiweza usiku kucha. Mwaga maji yale. Yatie maji mapya kwenye sufuria, yachemshe juu ya gesi yakitokota kwelikweli kwa dakika 30, maana mchemko wetu wa nyuzi 94 hauna ukali wa ule wa Mombasa. Ndipo uyahamishie kwenye chungu. Njia rahisi zaidi ni ile ambayo nusu ya Nairobi tayari inaitumia: nunua yaliyochemshwa kwa yule mama wa kando ya barabara, yapige moto nyumbani yatokote, kisha uyaingize kwenye mchuzi.

Nacheka kidogo ninapoandika haya, kwa sababu chombo chenyewe kilizaliwa kwa ajili ya maharagwe. Mbunifu wake, Irving Naxon wa Chicago, alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya ubunifu wake, mwaka 1940 na kukiuza kwa jina la Naxon Beanery, chungu cha maharagwe. Wazo alilitoa kwa mama yake, aliyemsimulia jinsi Wayahudi wa kijijini kwao Lithuania walivyopeleka chungu cha nyama na maharagwe kwenye tanuri la mwoka mikate Ijumaa jioni, kikapikwa na joto lililobaki, ili Sabato isivunjwe kwa kuwasha moto. Kampuni ya Rival ilinunua biashara yake mwaka 1970, na mwaka uliofuata ikakitoa upya kwa jina la Crock-Pot.

Sasa jiulize bila kujidanganya. Kama siku tano kwa wiki nyumba yako hula githeri, ndengu na maharagwe, unachohitaji ni presha kuka ya umeme. Itamaliza githeri kwa saa moja hivi na kwa umeme mdogo zaidi. Ishia hapa, pesa yako ipeleke huko. Lakini kama ni nyama, supu na kuku wa kienyeji, na unataka upike ukiwa kazini au umelala, twende.

Piga hesabu ya tokeni

Kila chombo kina kibati au stika chini yake yenye idadi ya wati. Zidisha wati kwa saa, gawa kwa 1,000, umepata yuniti. Chungu cha lita 3.5 huwa cha wati 200 hivi. Saa nane ni yuniti 1.6. Tuseme kwako yuniti moja, kodi na makato yote ndani, inafika shilingi 28: umetumia shilingi 45 kwa sufuria nzima ya nyama. Cha lita sita chenye wati 300 ni yuniti 2.4, shilingi 67. Weka bei yako mwenyewe. Chukua risiti ya tokeni ya mwisho, gawa pesa kwa yuniti ulizopata.

Watu huishia hapo, lakini anayeishi chumba kimoja aende hatua moja mbele. Bei ya umeme wa nyumbani ina ngazi: wanaotumia chini ya yuniti 30 kwa mwezi hulipa kidogo kwa kila yuniti, wa kati ya 30 na 100 hulipa zaidi, wanaopita 100 hulipa zaidi tena, na unapangwa kwa wastani wa matumizi yako. Ukipika mara nne kwa wiki kwa chungu cha wati 200, umeongeza yuniti kama 27 kwa mwezi. Mtu mwenye taa mbili, simu na redio atajikuta amepanda ngazi, na kila yuniti, hata ya taa, imepanda bei naye. Kwa mtu wa hivyo nashauri chungu kidogo cha lita 1.5, au kupika mara mbili kwa wiki na kuhifadhi.

Kama stima yako iko ndani ya kodi ya nyumba, zungumza na keateka kabla hujanunua. Ploti nyingi zimepiga marufuku koili, na yeye akiona waya umechomekwa mchana kutwa hatauliza wati ni ngapi. Mwonyeshe kibati. Wati 200 ni chini ya sehemu ya tano ya koili ya kawaida.

Volti: kosa lililonigharimu

Chungu changu cha kwanza kilikuwa cha mtumba, kimekuja na shehena ya vyombo kutoka Marekani. Kizuri ajabu, cheupe chenye maua ya buluu ubavuni. Muuzaji hata aliniongezea adapta ya plagi bila malipo, nami nikamshukuru. Jioni nikaweka nyama ya mbuzi, nikachomeka. Dakika ishirini za kwanza nilifurahi. Kumbe kinapika haraka hivi! Kisha ikaja harufu ya plastiki, na baada yake mlio mkavu kama kijiti kimevunjwa. Chungu kilipasuka kutoka mdomoni hadi kitakoni, mchuzi ukateremkia ndani ya kasha penye nyaya. Nilichomoa plagi kwa kitambaa huku natetemeka.

Chini kulikuwa na maandishi ambayo sikuyasoma dukani: 120V, 60Hz, 240W. Umeme wetu ni volti 240. Waya wa joto ukiupa volti mara mbili, hautoi joto mara mbili. Hutoa mara nne. Zile wati 240 ziligeuka 960. Nilikuwa nimepikia mbuzi juu ya pasi.

Adapta hubadilisha umbo la meno ya plagi tu. Volti haziguswi. Kwa hiyo geuza chombo, soma: unataka 220–240V na 50Hz. Kikiandikwa 110 au 120 kirudishe kwenye meza hata kama bei ni ya kutupa. Najua kuna watakaokuambia ununue transfoma ya kushusha volti. Itafanya kazi, ndiyo, lakini utakuwa umenunua mzigo wa chuma wa kukaa jikoni ukinguruma saa nane kila siku, na bei yake ingekutosha kuongezea chungu cha volti sahihi.

Hapo hapo chungulia fyuzi ya plagi ya meno matatu. Kwa chombo cha chini ya wati 700, fyuzi inayofaa ni ya ampea 3. Ukikuta ya 13, mwambie fundi aibadilishe. Bei yake ni ndogo sana, na kazi yake ni kukatika kabla waya haujashika moto ukiwa ofisini.

Swichi ya kuzungusha au ya dijitali?

Hapa ndipo natofautiana na wauzaji wote. Watakuonyesha chenye skrini, vitufe sita na saa inayohesabu kurudi nyuma, nacho ni kizuri kweli. Umeme ukikatika kwa sekunde tatu, wengi wa vyungu vile husahau kila kitu. Stima inarudi, skrini inamemeteka, moto hauwaki. Wewe uko mjini. Unarudi jioni unakuta nyama imekaa siku nzima katika maji vuguvugu.

Chenye swichi ya kuzungusha hakina akili ya kusahau. Umeiweka Low, itabaki Low, stima ikirudi moto unaendelea. Kwa kukatika kwa dakika kumi, au hata nusu saa, kifuniko kikiwa mahali pake, joto halishuki sana. Kwa Nairobi mimi hununua cha kuzungusha, na nimewashawishi watu wengi wanunue hicho hicho, ingawa dukani kinaonekana cha kizamani. Kama umekipenda cha dijitali, mwambie muuzaji akichomeke, akiwashe, azime swichi ya ukutani kisha airudishe. Kikiendelea chenyewe, chukua.

Ila cha kuzungusha nacho kina udanganyifu wake: hakikuambii kwamba stima ilikuwa imekwenda kwa muda wa saa nne. Utakuta kinafuka mvuke kana kwamba hakuna lililotokea. Ukiwa na maikrowevu, saa yake inayowaka na kuzima itakuambia kuwa umeme ulikatika. Usipokuwa nayo, kundi la WhatsApp la ploti litakuwa limeshalalamika tangu asubuhi. Soma saa walizoandika.

Kanuni ninayoifuata: chakula kilichokaa chini ya nyuzi 60 kwa zaidi ya saa mbili nakimwaga. Ijumaa ile ya tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipozimika karibu nchi nzima usiku, nilikuwa nimeweka makongoro manne ili asubuhi tunywe supu. Nililala. Alfajiri chungu kilikuwa na joto la maji ya kuogeshea mtoto. Nilipokuwa namwaga, jirani yangu, mama mtu mzima, alisimama mlangoni akashika kiuno.

"Mwanangu, makongoro yote hayo? Si ungeyachemsha tu tena?"

"Mama, kuchemsha kunaua vijidudu. Sumu waliyokwisha kuitoa nyingine haifi kwa kuchemsha."

"Haya," akasema, kwa sauti ya mtu ambaye hajakubali.

Kama upo nyumbani stima inapokwenda, usisubiri. Hamishia chakula kwenye sufuria, malizia kwa gesi au makaa. Na kabla ya kutoka asubuhi, tazama mita yako ina yuniti ngapi. Tokeni zikiisha saa tano mchana, chungu hakitakupigia simu.

Jambo moja zaidi kuhusu dijitali: kile kitufe cha kuchelewesha, kwamba chungu kianze chenyewe saa nne asubuhi. Usikitumie kwa nyama. Nyama mbichi haina kazi ya kukaa mezani kwa masaa ikisubiri moto.

Ukubwa

Lita zilizoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni za kujaza hadi mdomoni. Chungu hiki hujazwa kati ya nusu na theluthi mbili; kikiwa chini ya nusu chakula huungua pembeni, kikijazwa pomoni hakiivi kwa wakati. Kwa hiyo lita 3.5 ni lita mbili na ushee za chakula.

Mtu mmoja au wawili: 1.5. Watu watatu au wanne: 3.5. Nyumba ya watu sita, au yenye wageni wa Jumapili wasiopiga simu: 6. Umbo la yai humeza kuku mzima. La duara linatosha kwa supu na mchuzi. Usinunue kikubwa "kwa sababu bei inakaribiana", maana robo kilo ya nyama ndani ya chungu cha lita sita itageuka mkaa wa pembeni.

Chungu cha ndani na kifuniko

Vingi ni vya seramiki. Ni vizito, vinatunza joto vizuri, na ubaya wao ni mmoja: havipendi kushtuliwa. Ukikitoa cha moto ukakiweka chini ya bomba, utasikia ule mlio nilioueleza. Wala hakiwekwi juu ya gesi. Vichache vina chungu cha aluminiamu chenye rangi isiyoshika, na baadhi yake vimeruhusiwa kuwekwa kwenye jiko, hivyo unakaanga kitunguu na nyama humo humo kisha unakirudisha kwenye kasha. Kwa mwenye sufuria chache na sinki dogo huo ni msaada mkubwa, lakini soma kijitabu kwanza. Kama hakikutaja jiko, usijaribu. Rangi hiyo hukwaruzika, kwa hiyo tumia mwiko wa mti.

Kifuniko kiwe cha kioo, ili uone bila kufunua. Kila ukifunua umepoteza joto ambalo chungu kitalitafuta tena kwa dakika ishirini au zaidi. Watoto wangu nimewaambia: anayetaka kuona, achungulie.

Dukani

Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya vifaa vya umeme katikati ya jiji, utapata vingi kwa bei ya kupatana, supamaketi utapata vichache kwa bei ya kudumu na risiti isiyo na ubishi. Mtandaoni kuna picha nzuri; volti huzioni mpaka kimefika, kwa hiyo hakikisha zimeandikwa kwenye maelezo na kwamba unaweza kurudisha.

Popote ulipo, usikubali kubebeshwa boksi lililofungwa. Mazungumzo yangu ya mwisho Luthuli yalikuwa hivi:

"Madam, hii ni orijino kabisa, boksi haijaguswa."

"Ndiyo sababu nataka tuiguse, kaka. Fungua."

Akafungua. Nilitoa chungu cha ndani nikakining'iniza kwa vidole vya mkono mmoja, nikakigonga kwa kifundo cha kidole cha mkono wa pili, kama mama zetu walivyogonga vyungu sokoni. Kizima hulia, sauti inabaki kidogo hewani. Chenye ufa hutoa sauti bubu, kama umegonga boga. Cha kwanza kilikuwa bubu. Yule kijana hakubisha, alileta kingine.

Kisha pitisha kidole ndani: mng'ao uwe laini, usio na mistari ya nyufa ndogo kama utando wa buibui. Weka kifuniko, kibonyeze pembeni, kisicheze. Chomeka, weka High, ngoja dakika kumi huku mkipatana bei, gusa ukuta wa ndani wa kasha kwa uangalifu: joto liwe pande zote, si upande mmoja. Jaribu Low na kile kituo cha kutunza joto, ambacho mara nyingi huandikwa Warm. Tafuta stika ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ya bidhaa zilizoingizwa nchini. Dai risiti ya ETR, ile ya mashine ya kodi, yenye jina la chombo, na waandike muda wa dhamana juu yake. Uliza pia kama chungu cha ndani huuzwa peke yake kikivunjika. Jibu huwa hapana, lakini duka linalosema ndiyo lina alama moja zaidi kwangu.

Nyumbani: jaribio la maji

Usipike siku hiyo. Kiweke juu ya sementi au vigae, mbali kidogo na ukuta na pazia, waya usining'inie mtoto akaufikia. Chomeka kwenye soketi ya ukutani. Ikibidi ekstensheni, iwe nzima na isiwe imebeba friji na pasi pamoja. Ukigusa kasha la chuma ukahisi mwasho kama wa sisimizi, zima mara moja: nyumba yako haina waya wa ardhini unaofanya kazi, na hilo ni la fundi wa stima.

Jaza maji ya bomba hadi katikati au zaidi kidogo, funika, weka Low, acha saa nane. Kisha funua na upime papo hapo kwa kipimajoto cha jikoni, kabla joto halijatoroka. Unataka nyuzi 85 hadi 93. Chini ya 85 hakifai kwa nyama, kirudishe dukani kesho yake na ile risiti. Kikiwa kinatokota kwa nguvu kwenye Low, kina moto mkali kuliko kinavyopaswa. Kitapika, ila mapishi ya saa nane yatakuwa ya saa tano na nyama itapukutika. Siku ya jaribio hilo, zima vitu vingine vyote nyumbani na andika yuniti za mita kabla na baada. Utajua gharama yako halisi, si ile ya kibati.

Chakula cha kwanza

Anza na nyama ya shingo, kilo moja, kwa chungu cha lita 3.5. Nyama iwe imeyeyuka kabisa; nyama ya friza huchelewesha joto na kuwapa vijidudu nafasi.

Usiku uliotangulia kaanga vitunguu viwili mpaka viwe rangi ya kahawia, tia kitunguu saumu, tangawizi, nyanya tatu, mpaka nyanya zitengane na mafuta. Hatua hii wengi huiruka kisha wanalaumu chungu kwamba mchuzi una ladha ya nyanya mbichi. Hakuna moto humo wa kukaanga. Ladha ya kukaangwa lazima uilete kutoka nje. Weka mchanganyiko huo kwenye friji katika bakuli lake, nyama katika bakuli lake.

Asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, panga viazi na karoti chini kabisa na pembeni, maana huiva polepole kuliko nyama na ukutani ndiko kwenye joto. Nyama juu. Pasha ule mchuzi wa nyanya kwenye sufuria pamoja na vikombe viwili vya maji mpaka utokote, umwagie ukiwa wa moto. Vikombe viwili vitaonekana vichache. Mvuke hautoki humu, na nyama italeta maji yake. Weka High unapooga na kuvaa, ukitoka teremsha Low. Mapishi ya kizungu yanayosema saa saba, hapa kwetu yape nane.

Jioni onja chumvi ndipo uongeze. Dania mwisho. Ukipika kwa nazi, tui zito liingie nusu saa ya mwisho, la sivyo litakatika. Kiporo cha kesho usikipashe humu. Kipike kwenye sufuria kitokote.

Ukishapakua, zima, chomoa, kiache chungu kama kilivyo na mabaki yake. Songa ugali, kuleni. Wakati wa kuosha vyombo kitakuwa kimepoa, na hapo ndipo utatia maji ya vuguvugu.